Firimbi ya Waiswa

Jumatatu, 8 Septemba

Paa la chumba cha ushauri limevuja tena. Nimepangusa viti, nimemwaga maji ya ndoo, nimerudisha boksi la tishu mezani. Tishu zenyewe ziliisha zamani, boksi tunaliweka kwa heshima.

Mteja wa kwanza alitaka nimwambie kama amwache mume au asimwache. Nikamwambia amwache. Madamu Akello, msimamizi wangu, alikuwa kwenye kona anasikiliza. Mama yule alipotoka akaniambia, "Rehema, huyu mama ameongea kidogo, wewe umeongea sana. Nani alikuja kusaidiwa hapa?" Imeniuma. Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Sisi Wanubi wa Kimaka, kule Jinja, hatujui kunyamaza. Mtu akija kwetu na shida, kabla hajamaliza chai tumeshampangia maisha yake yote, na ya watoto wake. Hapa Mbale nafundishwa kungoja. Niulize, nisikilize, nifunge mdomo. Kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Lakini niliacha kazi ya duka Jinja kwa ajili ya mafunzo haya. Sirudi nyuma.

Mteja wa mwisho ndiye amenibaki kichwani. Nandutu, dada wa Kigisu, anaishi mtaa wa Namatala. Ana mtoto mchanga wa kike. Nesi wa kliniki ya watoto ndiye aliyemtuma kwetu. Alimshika mtoto kana kwamba anamshikia mwenyewe aliyekwenda sokoni na atarudi kumchukua. Muda wote hakumtazama. Alisema, "Sina mtu." Nikauliza, mume? "Yuko." Mama yako? "Yuko." Sasa huna mtu kivipi? Akakunja shuka la mtoto, akaondoka.

Jumatano, 10 Septemba

Nandutu amerudi. Nilijiapiza kuongea kidogo na nimejitahidi.

Mumewe ni Waiswa, askari wa magereza, Msoga kutoka upande wetu wa Jinja. Kota za askari zimejaa, kwa hiyo wamepanga Namatala. Chumba kimoja, mlango mmoja. Mume hajui Kimasaba cha Wagisu, mke hajui Lusoga, nyumbani wanaongea Kiswahili. Hicho cha kambini, lakini ndicho walichotongozana nacho.

Mtoto alipozaliwa, mama yake Nandutu aliteremka kutoka milimani Bududa kuja kusaidia. Amefikia kwa ndugu yao, hapo hapo Namatala. Anakuja asubuhi, anakaa nje ya mlango, anapitisha uji kwa mkono, anaondoka. Na mume tangu wakati huo analala kazini. Akija, anasimama kwa jirani, anauliza hali, anageuka.

Nandutu akaniuliza, "Mama yangu anakaa nje kama mgeni. Bwana yangu akifika karibu, anarudi. Nyumba yangu inanuka?"

 Kisha akasema, polepole, kwamba halali, chakula hakipiti, na siku nyingine anaona bora asiwepo.  Nikamuuliza waziwazi, bila kuzunguka, kama anafikiria kujidhuru. Akasema anafikiria, lakini hajafanya kitu. Nilimwita Madamu Akello hapo hapo. Tulifuatana naye hospitali, tukakaa naye mpaka akaonwa na nesi wa afya ya akili. Amepewa dawa na siku ya kurudi. Nesi alisisitiza: asiachwe peke yake, watu wa nyumbani wawe karibu.

Watu wa nyumbani. Hapo ndipo pa kushika. Nitawakusanya, wapende wasipende.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimempigia Waiswa, amekubali kuja kituoni Jumatatu. Nimempigia mama yake Nandutu, amekubali. Sikumwambia yeyote kuwa mwenzake anakuja. Nilijua wakijua, kila mmoja atakuja na utetezi wake mkononi.

Nimepanga viti vinne kwa duara, magoti karibu na magoti, kama tulivyofundishwa chuoni. Madamu Akello ana mkutano Jumatatu. Nimemwambia tu kuwa nina kikao cha familia. Sikumwambia zaidi, nilitaka akirudi akute kazi imekwisha.

Nina furaha leo. Nimejinunulia rolex, chapati iliyofungwa na mayai, pale barabarani Malukhu, na yai la ziada.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijui niandike vipi.

Mama alifika wa kwanza, amevaa gomesi, gauni lake la kutokea. Akavua ndala mlangoni, akakaa. Nandutu pembeni yake na mtoto. Mimi natabasamu tu. Waiswa akafika moja kwa moja kutoka zamu, na sare yake. Nikamfungulia mlango kwa mbwembwe.

Aliingiza mguu mmoja. Akamwona mama mkwe wake.

Mama alivuta kitambaa akafunika uso, akateleza kutoka kwenye kiti mpaka chini, akageukia ukuta. Waiswa alirudi kinyumenyume, akaipiga ndoo teke, maji yakamwagika, bereti ikaanguka. Hakuiokota. Nilimwona kwa dirisha anakwenda mbio kuelekea barabarani.

Mkwe na mama mkwe. Kwa Wasoga hawakai chumba kimoja. Kwa Wagisu hali kadhalika. Hawashikani mikono, hawatazamani, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Nimekulia Jinja katikati ya Wasoga, haya nayajua tangu naanza kutembea! Nilidhani ni mambo ya kijijini. Nilidhani askari mwenye sare na simu kubwa ameshayaacha. Sikuuliza. Sikuuliza, na kazi yangu nzima ni kuuliza.

Mama aliposimama, alisema na mimi bila kunitazama. "Wewe binti, umenivua nguo mbele ya mkwe yangu." Akamshika Nandutu mkono wakatoka.

Naye Nandutu aliona kitu kimoja tu. Mumewe alifungua mlango, akamwona, akakimbia.

Jumanne, 16 Septemba

Madamu Akello hakunifokea. Afadhali angefoka. Aliniuliza, "Kabla hujapanga viti, uliuliza nani anaweza kukaa na nani?" Nikasema hapana. "Basi sasa unajua swali la kwanza." Akaniuliza kama nataka mteja apewe mwingine. Nilisema sitaki. Akasema, "Utaenda, lakini nitakuwa nyuma yako. Na kila siku tupate habari ya Nandutu."

Nilikwenda Namatala na yule nesi wa afya ya akili. Nandutu amelala ameelekea ukutani. Dawa amemeza, jirani anamsimamia. 

Mama yake alikuwa nje anaosha nguo za mtoto. Nilipiga magoti kwenye matope nikaomba msamaha. Aliniacha hapo kwanza. Halafu akasema, "Jumatatu lori ya ndizi inarudi Bududa. Mimi nabeba mtoto yangu na mjukuu. Hapa mjini watu hapana na heshima."

Kule juu kliniki iko mbali, na mvua hii barabara zinakatika. Dawa zitaisha. Nesi hayupo. Na Nandutu atapanda lori akiamini mume amemtupa. Mimi ndiye niliyemthibitishia hilo, kwa mikono yangu na viti vyangu vinne.

Mpaka Jumatatu, basi. Sitaki kulia leo. Nitalia lori likiondoka bila wao.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwenda kumngoja Waiswa kwenye geti la kazini kwake. Nilimrudishia bereti. Aliipokea kwa mikono miwili, ana haya kuliko mimi. Tukasimama kwenye uzio.

Safari hii nilianza na swali. Afande, kwa nini hulali nyumbani?

Alishangaa kwamba nauliza. "Madamu, chumba ni moja. Kama mimi niko ndani, mama mkwe ataingia wapi? Bibi yangu amezaa, anataka mama yake. Sasa mimi natoka, ndiyo mama aingie asaidie. Nalala hapa kwa benchi. Mimi nafanya hii kwa sababu nampenda."

Nikaenda Namatala kwa miguu, mbio. Mama alikuwa pale pale nje. Nikakaa chini. Mama, kwa nini huingii ndani kwa mwanao?

"Ile ni nyumba ya mkwe. Akirudi kazi anikute kwa kitanda yake? Mimi nakaa nje, ndiyo yeye arudi kwa bibi yake."

Yaani! Yeye anatoka ili mama aingie, na mama haingii ili yeye arudi. Kila mmoja anampisha mwenzake. Na chumbani, katikati ya heshima yote hiyo, yuko Nandutu peke yake na mtoto analia.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuingia ndani sekunde hiyo nimwambie kila kitu. Mguu ulishafika mlangoni. Nikajizuia, nikampigia Madamu Akello kwanza. Akasema, "Ukimwambia wewe, ni maneno ya mshauri, ataona unambembeleza. Aambiwe na wenyewe. Na wao wamsikie yeye."

Sawa. Lakini watamwambiaje kwa pamoja, watu wasioweza hata kuvuta hewa ya chumba kimoja? Kila mmoja peke yake nimemwomba aseme na Nandutu. Waiswa anasema hawezi kumtaja mama mkwe mbele ya mwanawe kana kwamba analalamika. Mama anasema hivyo hivyo. Wanafanana hawa wawili. Laiti wangejuana.

Jumamosi, 20 Septemba

Jinja. Jumamosi ni siku ya chuo. Darasani siku nzima nilikuwa mwili tu. Mwalimu ametupanga tena kwa duara, tukaigiza familia. Mwenzangu aliigiza baba mlevi vizuri mno, watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama viti.

Jioni nyumbani Kimaka. Mama yangu anapika, mimi namenya vitunguu na kumsimulia, bila majina. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Kwani umemsahau Mama Kagoya?"

Mama Kagoya, jirani yetu Msoga! Mkwewe alikuwa anakuja kila sikukuu. Anakaa barazani, mgongo ukutani. Mama Kagoya yuko jikoni, nyuma ya ukuta huo huo. Na binti wa Mama Kagoya, mke wa mkwe huyo, anasimama mlangoni, anapokea neno huku analipeleka kule. Wanaweza kukaa hivyo mchana kutwa, wanabishana bei ya mbuzi, wanataniana, wanacheka. Hawajawahi kuonana sura. Na wanapendana kuliko wakwe wengine wote wa mtaa ule.

Nimeacha vitunguu. Nimempigia Madamu Akello, nimempigia Waiswa, nimempigia mama yake Nandutu. Kila mmoja nimemuuliza: unaweza kukaa wapi? Uso uelekee wapi? Nani afike kwanza? Nani apite mlango upi? Mama alikuwa na masharti mengi. Nimeyakubali yote. Kesho saa nane, kituoni kwetu. Kwa Nandutu nitapita mwenyewe mapema, yeye pia nimuulize.

Mkono mzima unanuka vitunguu na sijali.

Jumapili, 21 Septemba

Waiswa alifika kwanza, kama mama alivyotaka. Akakaa barazani chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso barabarani. Ndipo mama akapita kwa mlango wa nyuma, kupitia jikoni, akakaa kwenye mkeka ndani, chini ya dirisha hilo hilo. Pazia limefungwa. Ukuta mmoja, migongo miwili.

Nandutu nilimwachia achague. Alisimama kidogo. Halafu akakaa kizingitini na mtoto, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mimi nikakaa kwenye ngazi, chini yake. Madamu Akello alikuwa jikoni, mlango wazi.

Nilisema maneno machache ya kuwakaribisha. Kisha nikanyamaza. Kimya kile! Boda zinapita, kuku wanaparua, na mimi nauma ulimi. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili nikaufunga.

Nandutu akaanza mwenyewe. Alisema kwa Kiswahili, wote wasikie. "Mimi nilizaa, halafu kila mtu akaondoka. Mama anakaa nje. Bwana anatoroka. Nikasema, basi mimi ndiyo mbaya. Na huyu mtoto ndiyo mbaya. Nikasema bora nitoke, wao warudi."

Nilisikia mama akivuta pumzi kule ndani. Waiswa alikuwa ameshika kichwa.

Ndipo Waiswa akasema, bado anatazama barabara, "Mwambie mama, mimi naondoka ili yeye aingie kwako."

Nandutu akageukia ndani kupeleka ujumbe. "Anasema yeye anaondoka ili wewe uingie."

 Sauti ya mama ikatoka ndogo sana. "Mwambie mwenye nyumba, mimi nakaa nje ili yeye arudi kwako."

Nandutu akageukia nje. "Anasema yeye anakaa nje ili wewe..." Hakumaliza. Alikwama hapo hapo. Alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, mara kadhaa, huku na huku. Maneno ya wote wawili yalikuwa yamepita kwenye mdomo wake mwenyewe.

Akapandwa na hasira. Alipiga kizingiti kwa kiganja. "Sasa nani alikuwa ataingia?"

 Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyezuiwa muda mrefu. Waiswa alilia ameelekea barabarani, na bereti mapajani. Mama alikuwa anasema kwa Kimasaba, sikuelewa, lakini nilielewa. Mimi nililia pia, kitaaluma haifai, nimelia.

Baadaye walipanga wenyewe. Sikupendekeza hata moja, na nilikuwa na mapendekezo mengi! Mama habebi mtu Bududa. Atashinda ndani na Nandutu mpaka mume arudi. Waiswa atalala nyumbani. Tatizo likabaki mlango mmoja: mama atajuaje kuwa mkwe anakuja, apate kutoka? Simu, nikafikiri, nikanyamaza. Simu ya mama haina chaji nusu ya siku.

Waiswa akasema, "Mwambie mama, mimi niko na firimbi ya kazi. Nikifika pale kwa kinu ya unga, napiga."

Kutoka ndani, baada ya kufikiri: "Mwambie apige. Mimi nazunguka kwa nyuma."

Jumatano, 24 Septemba

Lori la ndizi liliondoka juzi. Nandutu hakuwemo. Nilikuwa nimejiahidi kulia, nikasahau.

Nimepita Namatala kumpeleka Nandutu kwa nesi wa hospitali. Hali si nzuri bado. Anakula nusu sahani. Anasema usiku mawazo yale yanakuja, lakini sasa anamwamsha Waiswa, wanakaa. Nesi ameongeza dawa kidogo, na amesema tusitegemee miujiza. Sitegemei. Nitakuja kesho, na keshokutwa.

Habari ya firimbi imefika mpaka kituoni. Siku ya kwanza Waiswa aliipuliza kwa nguvu zote za kazini. Mtaa mzima wa wapika waragi, pombe kali ya kienyeji, ulidhani ni msako. Watu waliruka uzio na madumu kichwani, mmoja amemwaga pipa zima mtaroni. Jioni yule aliyemwaga pipa akaja kudai fidia, akamkuta mama mkwe nyuma ya nyumba. Nimeambiwa alirudi kimya kimya. Mama ametuma ujumbe kupitia kwa mwanawe kwamba mkwe apulize taratibu, yeye si kiziwi.

Jumatatu, 29 Septemba

Mteja mpya leo, mzee mmoja na mwanawe wasioongea tangu mazishi ya mama. Nilianza kwa kuuliza nani anaweza kukaa na nani, na wapi. Mzee alisema, "Hakuna mtu aliwahi kuniuliza hiyo." Viti nilivipanga baada ya majibu. Vimekaa ovyo kabisa, kimoja kiko nje.

Madamu Akello alipita, akavitazama, akaenda zake. Nimechukulia kuwa ni sifa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mafunzo yangu ya vitendo yanakwisha kesho, narudi Jinja. Nandutu atabaki na Madamu Akello na nesi. Nimekwenda kumuaga.

Mvua ilikuwa imepumzika. Mama alikuwa ndani, kwenye mkeka, anamkanda mtoto mafuta. Nandutu amekaa kitandani anachambua mchele. Amekonda bado, ila ameoga, amesuka. Tuliongea kidogo. Zaidi alikuwa anachambua na mimi natazama mkono unavyokwenda.

Firimbi ikalia kule kwenye kinu, fupi, ya taratibu. Mama akamfunika mtoto, akamweka mapajani kwa Nandutu, akakunja mkeka akauweka kwapani. Akanigusa bega akitoka. Nilisikia ndala zake zinazunguka nyuma ya nyumba.

Mama ametoka na Waiswa hajaingia. Nandutu akabaki na mtoto wake. Alisogeza sinia la mchele pembeni, akamwinua mtoto, akamtazama usoni, mara ya kwanza mbele yangu.

"Mirembe," akamwita kwa jina, "baba anakuja."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasogea kupisha njia.